Tovuti ya Maandishi Ianze na Maandishi

Taasisi nyingi zinazotaka tovuti huanza na rangi. Kamati inakaa, inajadili nembo ikae kulia au kushoto, picha zinazopishana juu ya ukurasa ziwe tatu au tano, na fundi anapitisha violezo kimoja baada ya kingine hadi kila mjumbe aone kinachompendeza. Maandishi yenyewe, yaani makala, mashairi, hotuba, mahubiri na ripoti, ambayo ndiyo sababu ya tovuti kuwepo, yanatajwa kikao kikielekea kufungwa: hayo tutayaweka baadaye. Miezi sita ikipita, ukurasa wa mbele unang'aa, na ukibonyeza ndani unakutana na salamu za mwenyekiti pamoja na faili tatu za PDF zilizopigwa skani zikiwa zimelala ubavu.

Ninatetea mwendo wa kinyume. Anayejenga tovuti ya kusomwa, awe gazeti, jarida, idara ya chuo, chama cha washairi, msikiti, kanisa au maktaba ya wilaya, achukue andiko moja halisi, refu na lenye matatizo yake, aliweke mezani kwanza. Kisha aulize: mfumo huu ninaotaka kuutumia utalitendea nini andiko hili leo, na litakuwa wapi baada ya miaka 20? Jibu la swali hilo ndilo lichague mfumo. Rangi zitasubiri.

Mfumo ninaouzungumzia ni ile programu inayokaa kwenye seva ikamwezesha mwandishi kuandika, mhariri kuhariri na msomaji kusoma, bila yeyote kati yao kulazimika kujua lugha za kompyuta. Inayotawala ni WordPress, iliyoanzishwa mwaka 2003 na Matt Mullenweg na Mike Little, ambayo leo inaendesha zaidi ya asilimia 40 ya tovuti duniani. Zipo pia Drupal na Joomla, na nyingine nyingi. Lakini anayetaka kuelewa tovuti ya maandishi inavyopaswa kufikiriwa atajifunza zaidi kwenye mfumo mdogo usio na makelele, uitwao Textpattern, kwa sababu uliundwa na mtu wa vitabu.

Dean Allen alikuwa Mkanada, msanifu wa vitabu na mwandishi hodari, mtu aliyejali nafasi kati ya mistari kama wengine wanavyojali fedha. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 alibuni Textile, namna nyepesi ya kuandika kwa alama za kawaida za kibodi ambazo kompyuta huzigeuza kuwa ukurasa wa wavuti uliopangika. Baadaye akajenga mfumo mzima wa kuchapisha juu yake. Ukiufungua utaona mara moja ulitoka kwenye kichwa cha mtu aliyejua chumba cha habari kinavyofanya kazi. Watumiaji wamepangwa kwa ngazi: mchapishaji, mhariri mtendaji, mhariri msanifu, mwandishi wa ndani, mwandishi wa kujitegemea, na msanifu wa kurasa. Mwandishi wa kujitegemea anaweza kuandika na kuwasilisha, lakini hawezi kurusha kazi yake hewani mwenyewe. Makala nayo ina hali zake: rasimu, iliyofichwa, inayosubiri, iliyo hewani. Mhariri yeyote wa gazeti la Kiswahili, hata kama hajawahi kugusa seva, anaujua mpangilio huo kwa sababu anaishi ndani yake kila siku.

Kuisakinisha Textpattern si kazi ya kutisha. Unahitaji nafasi ya kawaida ya kuhosti, ile ya bei nafuu yenye PHP na MySQL. Unapakua faili, unalifungua, unalipandisha kwenye seva, unatengeneza hifadhidata tupu, kisha unafungua ukurasa wa usakinishaji kwa kivinjari na kujibu maswali machache: jina la hifadhidata, nywila yake, jina lako. Ukimaliza unafuta folda ya usakinishaji ili mpita njia asije akaifungua tena. Anayetaka kujifunza bila gharama aweke kwanza kwenye kompyuta yake mwenyewe kwa kutumia XAMPP, programu inayoigeuza kompyuta ya kawaida kuwa seva ya majaribio, avuruge atakavyo, hakuna atakayemwona.

Kazi ya maana inaanza kwenye ukurasa wa kuandikia. Kuna kisanduku cha kichwa, kisanduku cha mwili wa makala na kisanduku cha muhtasari. Unataka neno lilale kwa msisitizo, unalizungushia mistari ya chini. Unataka liwe zito, unalizungushia nyota. Nukuu ndefu unaianzisha kwa herufi b na q na nukta, kichwa kidogo kwa h2 na nukta. Hakuna safu ya vitufe 30 juu ya ukurasa. Na ndani ya hifadhidata mfumo hufanya jambo ambalo nalipenda kuliko yote: huhifadhi makala mara mbili, kwanza kama ulivyoiandika kwa mkono wako, pili kama ilivyogeuzwa kuwa ukurasa wa wavuti. Maana yake siku Textpattern yenyewe ikifa, andiko lako la asili lipo, safi, linasomeka na binadamu yeyote kwa programu yoyote ya kufungulia maandishi. WordPress, tangu ilipoleta kihariri cha vipande Desemba 2018, huingiza alama zake kabla na baada ya kila aya. Msomaji hazioni, lakini zimo ndani ya andiko, na siku ya kuhama inabidi mtu akae azisafishe.

Nimesema tuanze na andiko lenye matatizo yake. Kwa Kiswahili andiko hilo ni shairi. Chukua tarbia ya kawaida: mishororo minne kwa kila ubeti, mizani 16 kwa mshororo, minane ukwapi na minane utao, vina vya kati na vya mwisho. Libandike shairi hilo kwenye kihariri cha kisasa na ubonyeze kitufe cha kushuka mstari. Kila mshororo unakuwa aya inayojitegemea, una nafasi pana juu na chini, na ubeti umesambaratika. Msomaji hajui tena ubeti unaishia wapi. Ili kuuokoa inabidi mwandishi ajue kubonyeza kitufe cha pili pamoja na kile cha kushuka, jambo ambalo waandishi wengi hawakuwahi kuambiwa. Ukitumia Markdown, namna nyingine maarufu ya kuandika kwa alama, iliyotolewa na John Gruber mwaka 2004, balaa ni la upande wa pili: mishororo yote minne inaungana ikawa aya moja kama habari ya bei ya mahindi, usipoacha nafasi mbili zisizoonekana mwishoni mwa kila mstari. Textile huheshimu mstari. Ukishuka mara moja, mstari umeshuka. Ukiacha mstari mtupu, ubeti umeisha. Kwa magazeti yetu yaliyotenga kurasa za mashairi kwa miaka mingi, jambo hilo pekee lingetosha kuamua.

Baada ya andiko kukaa sawa, ndipo lipangwe. Textpattern hutenganisha sehemu na mada. Sehemu ni chumba cha tovuti, kama Habari, Maoni, Mashairi, Mapitio ya Vitabu. Kila makala inakaa kwenye sehemu moja tu. Mada ni kinachozungumzwa, kama kilimo, afya, historia ya Pwani. Makala inaweza kupewa mada mbili, haizidi. Wapo wanaolalamikia ukomo huo. Mimi nauona ni wa hekima, kwa sababu unamlazimisha mhariri aamue makala hii hasa inahusu nini. Mahali pasipo na ukomo nimeona tovuti yenye makala 300 na lebo 900, nyingi zimetumika mara moja tu: uchaguzi, chaguzi, uchaguzi mkuu, uchaguzi-mkuu. Hapo hakuna mpangilio tena. Mtu mmoja akabidhiwe orodha ya mada, iandikwe kwenye karatasi ibandikwe ukutani, na mwandishi asiongeze mada mpya bila kumuuliza.

Orodha hiyo ina uzito wa pekee kwetu kwa sababu ya namna lugha yetu inavyojibadilisha. Vitafutio vingi vilitungwa kwa kukifikiria Kiingereza, ambako neno hubadilika mkiani, basi kompyuta imefundishwa kukata mkia. Kiswahili hubadilika kichwani. Msomaji akitafuta kitabu, kitafutio cha kawaida hakimletei makala inayosema vitabu. Akitafuta mwalimu, inayozungumzia walimu inabaki gizani. Usiulize kuhusu vitenzi: anapika, tulipika, wakipika na hawajapika ni maneno manne yasiyojuana machoni pa mashine. Mpaka vitafutio vitakapofundishwa ngeli, kazi hiyo inafanywa na mhariri kwa kuweka maneno muhimu chini ya makala, umoja na wingi, kwa uangalifu ule ule anaoutumia kusahihisha tahajia. Textpattern ina kisanduku cha maneno hayo kwenye ukurasa wa kuandikia. Katika tovuti nyingi nilizochungulia kisanduku cha namna hiyo kiko tupu.

Tena kuna ile alama ndogo ya ng'. Mwandishi anayetumia simu ya kawaida huandika ng'ombe kwa alama iliyonyooka. Anayeandika kwenye Word hupata alama iliyopinda, kwa sababu Word huipinda yenyewe. Kwenye karatasi hazitofautiani sana. Kwenye hifadhidata ni herufi mbili tofauti kabisa, na msomaji anayetafuta habari za ng'ombe atapata nusu ya makala zilizopo akaamini ndizo zote. Ng'ambo, ng'ara, ng'oa, mng'aro, zote ziko kwenye mtego huo. Dawa yake ni sheria ya nyumba: kabla makala haijahifadhiwa, alama zote zigeuzwe kuwa zilizonyooka, na upindaji wa kupendezesha macho uachiwe mfumo wakati wa kuonyesha ukurasa. Ni amri moja ya kutafuta na kubadilisha, inachukua nukta chache, na hakuna kampuni ya nje itakayotukumbusha.

Jambo jingine dogo ni lugha ya ukurasa. Kila ukurasa wa wavuti una mahali ambapo mashine huambiwa lugha iliyotumika, na alama ya Kiswahili ni sw. Violezo vingi huja vimeandikwa en, na mafundi huviacha hivyo hivyo. Matokeo yake kivinjari kinaweza kumwambia msomaji kwamba ukurasa ni wa Kiingereza, maneno hukatwa mwisho wa mstari kwa kanuni zisizo zetu, na programu zinazowasomea watu wasioona hutamka Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza hadi hakieleweki. Msomaji asiyeona amefungiwa mlango kwa herufi mbili.

Uzito wa ukurasa nao una maadili yake. Makala ya maneno 2,000 kama hii ni kilobaiti 14 hivi. Picha moja iliyopigwa kwa simu bila kupunguzwa inafika megabaiti tatu bila shida, zaidi ya mara 200 ya makala nzima. Anayesoma kwa bando la siku analipia picha hiyo, analipia na ile ya mwenyekiti akikata utepe, kabla hajaliona neno la kwanza. PDF za skani ni mbaya zaidi: ni picha za maandishi, nzito, hazitafutiki, hazikuzwi vizuri kwenye kioo cha simu. Taasisi inayoweka sheria ndogo, ripoti au utafiti kwa skani imeviweka kabatini na kumwachia mwananchi kioo cha kuchungulia. Viandikwe upya, hata kama ni kurasa tano kwa wiki.

Sasa tuje kwenye anwani, na hapa naomba wahariri wanisikilize kwa makini kuliko mahali pengine. Mwaka 1998 Tim Berners-Lee, aliyeunda wavuti, aliandika kwamba anwani nzuri ya ukurasa haibadiliki. Mwaka 2024 kituo cha utafiti cha Pew cha Marekani kilichapisha matokeo yake: katika kurasa zilizokuwepo mwaka 2013, asilimia 38 zilikuwa hazifunguki tena miaka kumi baadaye. Nyingi ya hizo hazikuuawa na mtu mbaya. Tovuti ilipakwa rangi mpya, mfumo ukabadilishwa, anwani za zamani zikatupwa. Mwanafunzi aliyenukuu makala ya mwaka 2015 kwenye tasnifu yake anabaki na tanbihi inayoelekeza hewani.

Textpattern hukuruhusu kuchagua anwani ziundwe vipi, kwa mfano: sehemu na kichwa, tarehe na kichwa, au namba ya makala pamoja na kichwa. Chagua yenye namba. Vichwa vya habari husahihishwa, sehemu hubadilishwa majina, namba haina sababu ya kubadilika. Tunao mfano mzuri wa fikra hii hapa nyumbani. Hukumu za mahakama zinazowekwa kwenye TanzLII, tovuti ya sheria na hukumu za Tanzania, hupewa rejea yenye mwaka, kifupi cha mahakama kama TZCA kwa Mahakama ya Rufani, na namba. Rejea hiyo ni ya hukumu yenyewe, haitegemei programu inayoendesha tovuti. Programu ikibadilishwa, wakili bado anaitaja kwa jina lile lile mbele ya jaji. Kama mahakama imeweza, gazeti lenye kumbukumbu za miaka 40 linashindwa nini?

Andiko likishapata mwili safi na anwani ya kudumu, linabaki swali la nani ana funguo. Nimeona tovuti za vyama vya heshima ambazo domeini, yaani jina la anwani ya tovuti, ilisajiliwa kwa barua pepe binafsi ya kijana aliyeijenga. Kijana akapata kazi mji mwingine, simu ikabadilika, mwaka wa malipo ukafika, na jina la chama likaangukia kwa mnunuzi asiyejulikana. Domeini isajiliwe kwa jina la taasisi, na barua pepe ya taasisi inayofunguliwa na watu wasiopungua wawili. Tarehe ya kulipia iandikwe kwenye kalenda ya mhasibu.

Wala usitegemee ahadi ya milele ya mtu yeyote. Historia ya Dean Allen yenyewe inafundisha hilo. Mwaka 2004 yeye na Jason Hoffman walianzisha kampuni ya kuhosti, TextDrive, na mtaji wakaupata kwa kuwauzia watu 200 nafasi ya maisha kwenye seva zao, kila mmoja dola 199. Kampuni ikaja kuwa sehemu ya Joyent, na mwaka 2012 Joyent ikatangaza kwamba huduma hizo za maisha zinafikia kikomo. Waliolipia milele hawakuipata. Allen alifariki Januari 2018. Lakini Textpattern, kwa sababu ni programu huria, haikufa pamoja na kampuni wala pamoja naye. Watu wa kujitolea wanaendelea kuitunza hadi leo. Na makala za waliokuwa na nakala zao zilihamia seva nyingine.

Najua nitakachoambiwa: fundi wetu anaijua WordPress peke yake. Basi tumieni WordPress. Sipiganii jina la programu. Lakini itumieni kwa nidhamu hiyo hiyo: kiolezo chepesi, programu-jalizi chache mnazozijua kazi yake, anwani zenye namba, lugha iwekwe sw, mashairi yajaribiwe kabla ya kitu kingine, na mtu mmoja ashike orodha ya mada. Tovuti nyingi za WordPress zilizodukuliwa hazikudukuliwa kwa sababu ya WordPress yenyewe, bali programu-jalizi iliyowekwa kwa ajili ya madoido ikasahaulika bila kusasishwa. Wenye vijana mahiri wa kompyuta wanaweza hata kuacha hifadhidata kabisa na kuhifadhi kila makala kama faili la maandishi. Ni njia nzuri, mradi vijana hao wawepo na mwakani.

Ninachokiomba kwa wenye maamuzi ni mpangilio wa majuma ya mwanzo. Kabla ya kumlipa msanifu, chagueni maandishi kumi ya zamani: makala ndefu yenye tanbihi, shairi la beti saba, hotuba, jedwali la bei, mahojiano, tangazo fupi, na mengine yanayofanana na kazi yenu ya kila siku. Yaandikwe yote kwenye mfumo mtupu usio na rangi. Mhariri ayasome kwenye simu ya bei rahisi, nje ya ofisi, kwa bando lake. Yatafutwe kwa maneno ambayo msomaji angeyatumia, na kila lisilopatikana liandikwe chini. Kisha hifadhidata nzima ipakuliwe kama faili moja, ipelekwe kwenye kompyuta nyingine isiyohusiana na fundi wala kampuni ya kuhosti, na irejeshwe hapo na mfanyakazi wa taasisi mwenyewe, bila mtu yeyote kupigiwa simu. Yakifunguka yote kumi, kila ubeti ukiwa na mishororo yake minne, mwiteni msanifu.